Vipele vya ndevu shingoni, na kazini lazima ninyoe kila siku. Nyie mnanyoaje na mnatumia nini?

mapokezi_arusha

Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu.

Nina miaka 27, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha. Sheria ya kazini ni uso safi, ndevu hazitakiwi, na meneja anakagua kabla ya zamu. Ndevu zangu ni za kipilipili, ngumu, zinaota haraka. Nikinyoa leo usiku, kesho kutwa shingo yote kuanzia chini ya taya hadi kwenye kongomeo imejaa vipele, vingine vina usaha, na vikikauka vinaacha madoa meusi. Kola ya shati ikigusa hapo ni maumivu siku nzima.

Natumia kinyoleo cha kisasa chenye nyembe tano na povu la kopo. Nanyoa kushuka, halafu napandisha, mpaka nikipapasa hakuna kitu. Namalizia na spiriti. Duka moja la dawa waliniuzia krimu ya tyubu. Nikipaka vinatulia siku mbili tatu, nikiacha vinarudi kwa nguvu zaidi.

Naomba mtu mwenye ndevu kama zangu anieleze ananyoaje, hatua kwa hatua, na vifaa gani. Nimechoka wakuu.

kinyozi_nyamagana

Pole sana mdogo wangu. Mimi ni kinyozi Mwanza. Wateja wenye shida yako siwapitishii wembe kabisa. Natumia mashine ya umeme, na ile sahani ya juu yenye meno nairudisha nyuma kidogo isilingane na ya chini. Ndevu zinabaki fupi sana lakini zipo, na mtu akisimama hatua mbili mbele yako anaona uso safi. Kama meneja wako hakupapasi, hiyo inakutosha.

Nunua mashine yako mwenyewe, hata ndogo ya kuchaji. Nasema hivi nikiwa kinyozi: ile kupuliza spiriti kwenye sahani mara moja kisha kuendelea na mteja mwingine haitoshi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili hata siku 7. Chanjo yake ipo, na anayenyolewa saluni kila wiki aitafute.

dereva_wa_tunduma

Ndugu yangu wa Arusha, salaam. Nimesoma maelezo yako na nimeona shingo yangu ya zamani. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Dar kwenda Lubumbashi, kwa hiyo nanyolea barabarani: Makambako, Tunduma, Kapiri Mposhi, na kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ambako unaweza kulala siku kadhaa. Ndevu zangu ni za kipilipili kama zako. Ninanyoa kwa wembe na shingo yangu ni laini. Nitakueleza yote, ila kwanza elewa kwa nini unaumia, maana ukilielewa hilo hata vifaa utachagua mwenyewe.

Ndevu zetu hazitoki zimenyooka. Zinatoka zimepinda, na kinyweleo chenyewe ndani ya ngozi kimepinda. Ukikata unywele, unabaki na ncha kali kama mkuki. Ukiwa umeukata sawa na ngozi, unapoanza kuota unajikunja na kuchoma ngozi kutokea nje. Ukiwa umeukata chini ya ngozi, hautoki hata nje, unachoma ukuta wa kinyweleo humo humo ndani. Mwili unauona kama mwiba, unavimba, unatunga usaha. Hicho ndicho kipele chako. Si uchafu, na si kwamba damu yako ni mbaya kama wengi wanavyoambiwa.

Sasa angalia hicho kinyoleo chako. Kampuni ya Gillette ilitoa kinyoleo cha nyembe mbili mwaka 1971, cha nyembe tatu mwaka 1998, cha nyembe tano mwaka 2006. Kazi ya kupanga nyembe hivyo ni kwamba wa kwanza unaushika unywele na kuuvuta juu kidogo, unaofuata unaukata kabla haujarudi. Ukirudi, unazama chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka, anapata uso laini mpaka jioni. Kwa mimi na wewe, ni kupanda miiba. Na wewe unapitisha hizo tano kushuka, kisha unapandisha, kisha unapapasa kuhakikisha hakuna kitu. Huko kutokuwa na kitu ndiko kunakokuumiza, ndugu yangu. Uso wako unatakiwa ubaki na kitu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho, ila kidole kikipita kinyume kinakisikia.

Vifaa vyangu vyote vinaenea kwenye kimfuko kimoja cha zipu ninachoweka nyuma ya kiti:

Kinyoleo cha chuma cha zamani, kile unachozungusha mpini kinafunguka, unaweka wembe wa kawaida wa makali mawili. Changu nilikipata Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa mzee anayeuza vifaa vya vinyozi. Kizito, na uzito huo ni muhimu, nitakuambia. Umbo hilo la kinyoleo si geni, hati miliki ya King C. Gillette ni ya mwaka 1904, na wembe wa dukani leo bado unaingia kwenye vinyoleo vya mababu. Kama hukipati, chukua Bic ya plastiki yenye wembe mmoja, ile ya rangi ya chungwa. Ni nyepesi, lakini inafuata kanuni ile ile: wembe mmoja, mkato mmoja.

Nyembe. Natumia Nacet au Supermax, yoyote niliyoikuta dukani ikiwa kwenye karatasi yake haijafunguliwa. Wembe mmoja kwangu unanyoa mara tatu, ya nne siupi. Ukianza kusikia unakwaruza, tayari umechelewa kuubadilisha. Bei ya nyembe tano haifiki hata bei ya kichwa kimoja cha hicho kinyoleo chako, kwa hiyo usiuonee huruma.

Brashi ya kunyolea na sabuni. Sihitaji sabuni maalumu. Sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali inafaa, ila lazima itoe povu zito. Hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani wanalijua: maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu. Nyumbani kwangu Kigamboni maji ya kisima ni ya chumvi, sabuni inaganda kama mtindi ulioharibika, na ukinyolea hayo unajichubua. Ya kunyolea nakinga ya mvua au nanunua chupa ya maji ya kunywa. Nusu lita inatosha.

Kipande cha shabu. Kinauzwa kwenye maduka ya dawa za asili, ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga, bei ndogo. Mafuta ya nazi yaliyochujwa vizuri, chupa ndogo. Mswaki laini wa watoto, ambao sipigii meno. Na taulo ndogo. Basi.

Sasa kunyoa. Nanyoa asubuhi baada ya kuoga, au kama ni safarini, baada ya kujifunga taulo la moto. Chupa yangu ya chai ina kazi mbili. Makambako mwezi wa Juni ni baridi kweli, maji ya bomba yanakata mikono, na unywele mkavu wenye baridi ni mgumu kama waya. Namimina maji ya moto kwenye taulo, nakamua, naweka kwenye kidevu na shingo, nakaa dakika tatu nikisikiliza redio. Nikirudia mara mbili ni bora zaidi. Usiruke hatua hii hata kama umechelewa. Unywele uliokunywa maji unakatika kwa urahisi na ncha yake haiwi kali sana.

Kisha mswaki. Naulowesha, nauzungusha taratibu juu ya shingo kwa vijiduara, bila kukandamiza. Kazi yake ni kuziinua zile ndevu zilizoanza kulala na kujichoma, zitoke nje kabla wembe haujapita. Ukiona unywele umejikunja kama kitanzi na ncha imezama, uinue kwa sindano iliyochemshwa, uuache hapo hapo. Usiung'oe. Ukiung'oa, unaootea ndani ndio utakaokutesa zaidi.

Povu napaka kwa brashi mpaka siioni ngozi, naliacha dakika moja.

Hapa sasa ndipo penyewe. Kabla hujapaka povu, siku moja kaa mbele ya kioo na ndevu za siku mbili, pitisha kidole polepole kila upande. Upande unaoteleza ndio zinakolalia, upande unaokwaruza ni kinyume. Watu wengi wanadhani ndevu zote zinashuka. Kwangu mashavuni zinashuka, kidevuni zinashuka, ila shingoni upande wa kushoto zinapanda kuelekea sikioni, na upande wa kulia zinalala kwenda mbele kwenye kongomeo. Ukinyoa shingo yote kushuka, nusu yake utakuwa unanyoa kinyume bila kujua. Chora ramani yako kichwani uijue kama ninavyozijua kona za Kitonga.

Nashika mpini kwa vidole vitatu kwa mbali, sikandamizi. Uzito wa chuma ndio unaokata; mkono wangu unaongoza tu. Napiga mikato mifupi ya upana wa kidole kimoja, nasuuza, naendelea. Ngozi sivuti. Mafundi wa zamani wakinyoa wanavuta ngozi ikaze, na kwa ndevu zilizonyooka ni sawa, lakini kwetu ukivuta unakata, ukiachia ngozi inarudi na unywele unabaki chini yake. Shingo naielekeza juu kidogo tu ili wembe upite.

Napita mara moja, kufuata zinakolalia. Kama mashavuni kumebaki vivuli, napaka povu tena na kupita kwa ubavu. Shingoni sipiti mara ya pili. Kinyume sipiti popote, hata kwa harusi.

Nikimaliza ni maji ya baridi, mengi. Kisha nalowesha shabu na kuipitisha usoni. Ikiwasha mahali, hapo ndipo ulipokandamiza, na kesho unajirekebisha. Inafunga vidamu vidogo na kukaza ngozi. Baada ya dakika mbili nasuuza, nakausha kwa kugusagusa, napaka matone mawili ya mafuta ya nazi. Spiriti iache kabisa. Inakausha ngozi, na ngozi kavu inakuwa ngumu, unywele unashindwa kutoka.

Wembe nausuuza, nakung'uta maji, nauacha ukauke kwenye kinyoleo kilicholegezwa. Usiufute kwa kitambaa, utaharibu makali na vidole vyako.

Jambo la mwisho, na ndilo gumu kwako kwa sababu ya kazi. Shingo yenye vipele vya usaha haiponi huku ikinyolewa kila siku. Ukiweza, likizo ijayo usinyoe kabisa, wiki nne. Wiki ya kwanza na ya pili vitazidi na utatamani kushika wembe. Vumilia. Ndevu zikifika kama sentimeta moja, zinajichomoa zenyewe kwa ule mkunjo wake, na ngozi inatulia. Halafu ndipo uanze na utaratibu huu ukiwa na shingo safi.

mapokezi_arusha

Mkuu wa Tunduma, shikamoo. Sijawahi kuelezwa hivi. Nimepitisha kidole sasa hivi na kweli upande wa kulia zinalala kwenda mbele, nilikuwa nazinyoa kushuka miaka yote.

Maswali mawili. Likizo yangu ni Februari, bado mbali. Mpaka hapo nifanyeje? Na kuna unga wa kunyolea, ule wa kopo unaokoroga na maji unapaka unakwangua. Mwenzangu wa jikoni anautumia, anasema hauna vipele. Wewe unaonaje?

dereva_wa_tunduma

Marahaba mdogo wangu.

Mpaka Februari fuata ushauri wa kinyozi wa Nyamagana hapo juu. Mashine ya umeme, sahani irudishwe nyuma, kila siku au siku moja moja, usipapase. Wembe upumzike. Na muone meneja faraghani kabla hajakuona yeye. Muoneshe shingo yako mchana, kwenye mwanga. Daktari anaweza kukuandikia barua kwamba unyoe kwa mashine tu kwa sababu za ngozi, na ukiwa na karatasi mkononi unaongea kama mtu mwenye hoja.

Unga unafanya kazi. Hauukati unywele, unauyeyusha, kwa hiyo ncha inabaki butu, haichomi. Kuna madereva wa Zambia ninaokutana nao Nakonde wanautumia miaka mingi na nyuso zao ni safi. Lakini ni dawa kali. Jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio, subiri siku mbili. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, usiongeze hata moja. Kwangua kwa kitu butu, ubavu wa kijiko, kamwe si wembe. Ukishatumia, usirudie siku mbili tatu. Na kama sasa hivi una vidonda vilivyo wazi, usiuguse kabisa. Harufu yake ni ya yai viza, fungua dirisha.

Mimi nabaki na wembe wangu kwa sababu napenda hiyo nusu saa ya asubuhi. Barabarani kila kitu kinaamuliwa na mwingine, mizani, forodha, foleni. Kunyoa ninaamua mimi, na nanyoa kwa utulivu. Sitaki kuukosa utulivu huo kwa kukwangua dawa kwa kijiko.

mama_wa_dawa

Kaka zangu, samahani naingilia, mimi ni mfamasia. Mapokezi, hebu soma kwenye hiyo tyubu yako. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, acha kuipaka usoni bila daktari. Hizo ni steroidi kali. Zinatuliza uvimbe haraka, ndiyo maana unaona nafuu ya siku mbili, lakini zikitumika muda mrefu zinaifanya ngozi ya uso iwe nyembamba, inajikwangua kirahisi, na ukiacha vipele vinalipuka upya. Hicho ndicho ulichokieleza.

Omba duka la dawa benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, upake kidogo usiku kwenye vipele, au losheni ya asidi ya salisiliki ya asilimia 2. Usianze zote kwa pamoja. Benzoili inapausha nguo za rangi, kwa hiyo lala na taulo jeupe na usiivae na sare ya kazi. Madoa meusi yanafifia taratibu vipele vikikoma, yanachukua miezi, na kinga shingo na jua. Usinunue krimu za kung'arisha.

Ukiona kipele kinakua kigumu na kung'aa, kinazidi ukubwa wake, hasa kisogoni, usingoje. Uko karibu na Moshi, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, wanaona shingo kama yako kila siku. Nenda.

Na nyote, dereva ukiwemo: wembe wa mtu mmoja ni wa mtu mmoja. Hata kaka yako wa tumbo moja usimpe.

mapokezi_arusha

Ni betamethasoni kweli, dada. Nimeiweka pembeni. Kesho nina mapumziko, nitakwenda kutafuta mashine ndogo na hiyo benzoili, na Moshi nitapanga wiki ijayo. Kinyoleo cha chuma nitamwagiza mtu anayeshuka Dar. Mkuu, mzee wako wa Mtaa wa Kongo anapatikana upande gani?

dereva_wa_tunduma

Dada mfamasia, asante sana, hayo ya steroidi nilikuwa siyajui kwa undani huo, na kuna kijana wangu wa turnboy, utingo wa lori, anapaka tyubu kama hiyo. Nitamwambia leo.

Mdogo wangu, muambie mtu wako aingie Mtaa wa Kongo akitokea upande wa Msimbazi, aulizie wanaouza mashine za vinyozi, asinunue chenye mpini unaocheza. Akishike, akifunge bila wembe, akitikise karibu na sikio. Kikilia, akirudishe. Aangalie pia kwamba ukiweka wembe unatokeza sawa pande zote mbili. Ukitokeza zaidi upande mmoja, upande huo utakukata.

Na nyembe zilizotumika usizitupe kwenye ndoo ya taka za chumbani, kuna dada anayekuja kuibeba kwa mikono. Chukua kopo la maziwa, toboa mfuniko upana wa wembe, ufunge kwa gundi usifunguke. Langu lipo chini ya kiti cha lori, limejaa nusu.